Nyaya Ndani ya Kasha la Kompyuta: Zipangwe au Zifichwe?

Katika miaka ya karibuni imekuwa jambo la kawaida hapa Dodoma kumkuta mwanafunzi wa chuo, mhariri wa video za harusi au mtumishi aliyehamia na wizara yake akiwa amejiundia kompyuta ya mezani kwa vipuri alivyovikusanya kimoja kimoja, vingi vikiwa vimeagizwa Kariakoo, kisha akavitia katika kasha lenye ubavu wa kioo. Kioo hicho ndicho kilichozusha ubishi. Zamani tumbo la kompyuta lilikuwa siri ya fundi. Siku hizi kila mgeni anayekaribishwa sebuleni analiona, na kila mmoja ana lake la kusema. Huyu anaonya kwamba nyaya zikirundikana ndani mashine itashika moto, yule anaapa kwamba yake ilipoa siku alipozificha, na mwingine anaona shughuli yote hiyo ni urembo tu wa vijana wenye muda wa ziada. Kila dai lina chembe ya ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba yote matatu yanachanganya mambo mawili yasiyofanana, yaani kupanga nyaya na kuficha nyaya, na mtu asiyeyatenganisha anaweza kushinda siku nzima na bisibisi mkononi akaishia kuiharibu kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi vizuri.

Tuanze na majina, maana hata hapo tunapotezana. Wengi wetu huliita boksi zima "CPU", na fundi akisema "niletee CPU yako" kila mtu anaelewa anachotaka. Kwa usahihi, hata hivyo, CPU ni kichakataji, kipande bapa kinachoenea kiganjani na ambacho hakiguswi na waya wowote moja kwa moja. Boksi lenyewe ni kasha. Ndani yake umesimamishwa ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, na juu ya ubao huo hukaa kichakataji, kumbukumbu na, kwa wanaocheza michezo au kuhariri video, kadi ya michoro. Umeme wote hutoka kwenye powa saplai, sanduku la chuma lenye feni yake, ambalo kazi yake ni kuupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Fungu la nyaya lenye plagi mwishoni tutaliita kebo. Kebo nyingine hubeba umeme kutoka kwenye powa saplai, nyingine hubeba taarifa au amri, kama ile inayotoka kwenye swichi ya kuwashia.

Kasha la kisasa limegawanywa na bati lililosimama wima, na ubao mama hufungwa kwenye bati hilo kwa skrubu. Upande wa mbele wa bati ndiyo sebule, mahali panapotazamana na kioo. Upande wa pili ni uchochoro mwembamba, mara nyingi wenye upana wa sentimita 2 au 3 tu, unaofunikwa na mlango wa chuma usioonyesha kitu. Bati lina matundu, baadhi yakiwa yamezungushiwa mpira, ili kebo isafiri uchochoroni na kuchomoza sebuleni karibu kabisa na mahali inapochomekwa. Makasha mengi pia yana chumba cha chini kilichoezekwa kwa bati, ambamo powa saplai hujificha pamoja na kebo zisizotumika.

Sasa tunaweza kuyatenganisha mambo yetu mawili. Kupanga kebo ni kuipa njia inayojulikana, urefu unaotosha bila kuvutwa, na mahali pa kushikizwa ili uzito wake usiielemee plagi. Kuficha ni kuiondoa machoni tu. Kebo inaweza kupangwa bila kufichwa, ikapita sebuleni waziwazi ikiwa imenyooka na imefungwa vizuri. Na inaweza kufichwa bila kupangwa, ikasokotwa pamoja na wenzake kumi ikasukumiwa uchochoroni kama nguo chafu zinavyosukumiwa uvunguni mgeni akibisha hodi. Kioo hakiwezi kututofautishia hali hizi mbili, kwa sababu kinaonyesha upande mmoja tu.

Kwa sisi wa mkoa huu mfano ulio karibu ni shamba la zabibu. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anayepandisha mizabibu yake kwenye nguzo na nyaya hafichi kitu. Anaelekeza tawi lifuate waya, analifunga kwa fundo lililolegea ili lisikabwe linaponenepa, anakata linalozidi, na anahakikisha kwamba upepo unapita na mkono unalifikia shada bila kupambana na majani. Shamba hilo linampendeza mpita njia, lakini mkulima alikuwa akiufikiria msimu wa kuvuna. Tofauti yetu na yeye ni moja: sisi hatukati kinachozidi.

Kwa nini kebo hizi ni nene

Anayefungua kasha kwa mara ya kwanza huona fundo moja jeusi, lakini akitulia atakuta kwamba aina za kebo hazifiki kumi. Kubwa kuliko zote ni ile yenye plagi ya pini 24, inayoulisha ubao mama. Mpangilio huu unatokana na kanuni za ATX, zinazopanga vipimo vya ubao mama na powa saplai, ambazo Intel ilizitoa mwaka 1995, wakati huo plagi ikiwa na pini 20, na ndiyo sababu plagi nyingi za leo zina kipande cha pini 4 kinachoweza kutenganishwa. Kebo ya pili, ya pini 8 zilizogawanyika nne kwa nne, hupanda hadi kona ya juu ya ubao mama kukipelekea umeme kichakataji. Ya tatu ina pini 6 na nyingine 2 zinazoning'inia pembeni yake, na hiyo ni ya kadi ya michoro. Diski za SATA, zile zinazounganishwa kwa kebo, huhitaji kebo mbili, moja bapa ya umeme na nyingine nyembamba ya taarifa. Baada ya hapo ni kebo za feni, zenye pini 3 au 4, ile nene na kaidi ya USB ya mbele yenye pini 19, na vile viwaya vidogo vya swichi na taa, ambavyo huwafanya hata mafundi wazoefu watafute miwani.

Swali linaloulizwa sana ni kwa nini kebo za umeme ni nene kiasi hiki, ilhali waya wa pasi, kifaa kinachokula umeme mwingi zaidi, ni mmoja tu na unajipinda kirahisi. Jibu liko kwenye volti. Nguvu ya umeme, inayopimwa kwa wati, ni volti zikizidishwa na ampea, yaani kiasi cha mkondo unaopita. Volti zikishuka, ampea lazima zipande ili wati zibaki zilezile. Ni kama kujaza pipa kwa maji ya bombani: mwenye ndoo kubwa hufanya safari chache, mwenye kikombe huijaza njia kwa kwenda na kurudi. Birika la umeme la wati 1,900 lililochomekwa ukutani huvuta ampea 8.3 hivi. Plagi ya pini 8 ya kadi ya michoro imepangiwa kubeba wati 150, ambazo ni chini ya moja ya kumi ya birika, lakini kwa kuwa inafanya kazi kwa volti 12 hupitisha ampea 12.5. Mzigo huo hugawanywa kwa nyaya tatu za kwenda, ukarudi kwa nyaya nyingine, kila mmoja ukibeba ampea 4 na kidogo. Ndiyo maana kebo ina nyaya nyingi, na ndiyo maana zote ni nene.

Kadi kubwa za miaka ya karibuni zimeipeleka hesabu hiyo mbali zaidi. Plagi mpya ya pini 16 imeruhusiwa kubeba hadi wati 600, ambazo kwa volti 12 ni ampea 50, zikigawanywa kwa pini 6 za kupeleka umeme. Kila pini ndogo hapo hubeba mkondo unaolingana na ule wa birika letu la wati 1,900. Mwaka 2022, kadi za RTX 4090 za NVIDIA zilipotoka, baadhi ya wamiliki walionyesha picha za plagi zilizoyeyuka. NVIDIA ilieleza kwamba sababu iliyojitokeza zaidi ni plagi kutosukumwa hadi mwisho, na baadaye plagi yenyewe ikarekebishwa: pini ndogo za kutoa ishara zikafupishwa ili kadi isivute umeme mwingi kabla plagi haijaingia yote. Hapa ndipo suala la kuficha linapoingia kwa mlango wa hatari. Kadi hizo ni pana, kichwa cha plagi hutazamana na kioo, na mwenye kompyuta anayetaka kioo kifunge bila kebo kuonekana huikunja papo hapo inapotoka kwenye plagi. Mkunjo huo huvuta pini za upande mmoja, mguso unapungua, na mahali mguso ulipopungua ndipo joto linapozaliwa. Ushauri uliosambaa ni kuiacha kebo itembee milimita 35 hivi ikiwa imenyooka kabla ya kukunjwa. Kama kasha halina nafasi hiyo, kebo ionekane.

Kutokana na hayo tunaweza kumjibu yule mwenye hofu ya moto. Nyaya zilizorundikana ndani ya kasha haziwaki kwa sababu tu zimerundikana. Hatari iko kwenye plagi iliyolegea, waya uliochubuliwa na ukingo mkali wa bati, na vile viunganishi vya bei ya chini vinavyogeuza plagi ya zamani ya pini 4 kuwa ya SATA, hasa vilivyomiminiwa plastiki juu ya nyaya, ambavyo vimejulikana kwa kuungua. Mrundikano una kosa lake katika hili, lakini ni la pembeni: unaifanya plagi iliyolegea isionekane.

Je, nyaya zilizozagaa huleta joto?

Imani hii haikutoka hewani. Wanaokumbuka kompyuta za miaka ya 1990 watakumbuka kebo bapa za kijivu, pana kama sentimita 5, zilizounganisha diski na ubao mama. Powa saplai ilikaa juu, kebo zake zilining'inia katikati ya kasha, bati halikuwa na matundu wala uchochoro wa maana nyuma yake, na utepe ule wa kijivu ulikatiza mbele ya feni kama pazia zito dirishani. Wakati huo kukunja kebo na kuzisogeza kando kulileta nafuu ya kweli. Kisha, kuanzia mwaka 2003, kebo nyembamba za SATA zikaanza kuchukua nafasi ya utepe ule, na leo diski za M.2 huchomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama bila waya wowote. Kebo chache zinazobaki ni kama kamba za kuanikia nguo uani: upepo unazipita tu.

Kwa hiyo yule aliyesema kompyuta yake ilipoa siku alipoficha nyaya huenda hakudanganya, lakini anafaa kuulizwa alifanya nini kingine siku hiyo. Mara nyingi, mtu anapotoa kila kitu ili apange kebo, hupuliza vumbi, husafisha vichujio, hubadilisha ile gundi ya kupitisha joto juu ya kichakataji na pengine huongeza feni. Halafu sifa zote zinapewa kebo. Anayetaka uhakika apime: aiendeshe kazi ileile nzito kwa nusu saa kabla ya kupanga na baada ya kupanga, chumba kikiwa na joto lilelile, bila kugusa kitu kingine. Katika kasha la kisasa lenye matundu ya kutosha mbele atakuta tofauti ya nyuzijoto moja au mbili hivi, na huenda asikute kabisa. Kuna hali chache ambapo tofauti ni kubwa, nazo ni fungu la kebo linapoziba feni ya mbele, linapolala juu ya feni za kadi ya michoro, au kasha linapokuwa dogo mno.

Kuna na hali nyingine, ambayo mimi mwenyewe iliniadhibu. Niliwahi kuhangaika siku mbili na kompyuta iliyokuwa ikizima kila baada ya dakika kumi. Nilibadilisha kumbukumbu, nikashuku powa saplai, nikaitukana programu endeshi. Mashine hiyo ilikuwa imesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 450 hivi, na njiani kiwaya kimoja cha taa, kisichofungwa popote, kilikuwa kimejiviringisha kwenye feni ya kichakataji na kuisimamisha. Kukiondoa kulichukua sekunde tatu.

Kinachopandisha joto la kompyuta za hapa kwetu, kuliko kebo, ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hukatika, upepo wa kiangazi huanza, na vumbi jekundu la Dodoma huingia hata katika kabati lililofungwa. Feni za mbele hulivuta na kulipeleka kwenye mapezi ya chuma yanayopoza kichakataji, ambako hujibana na kuwa kama blanketi. Hapo ndipo kupanga kebo kunapolipa, kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Fungu la nyaya zilizosokotana hunasa vumbi kama kichaka cha miiba kinavyonasa mifuko ya plastiki, na kulitoa humo ni kazi ya brashi na subira. Fundi anayepuliza kasha kwa blowa huku kebo zikiwa huru huweza kuusukumia waya ndani ya feni, au kuilegeza plagi asijue. Kasha lililopangwa hupulizwa kwa dakika chache, feni zikiwa zimeshikwa kwa kidole ili zisizungushwe kupita kiasi, na likafungwa. Kwa vile kusafisha ni rahisi, mwenye kompyuta husafisha mara kwa mara; na kwa vile anasafisha mara kwa mara, kompyuta hupoa. Ukweli wa dai la pili umejificha humo.

Kiangazi kina jambo lake lingine. Hewa kavu huongeza umeme tuli, ule unaokurusha ukigusa kitasa cha mlango baada ya kuvua sweta, na cheche yake ndogo inatosha kudhuru kipande cha ubao. Kabla ya kuingiza mkono ndani, kompyuta izimwe, waya wa ukutani uchomolewe, kitufe cha kuwashia kibonyezwe mara moja kuondoa umeme uliobaki, na chuma tupu cha kasha kiguswe.

Kazi yenyewe, kwa utaratibu wake

Kosa la kawaida ni kupanga kebo baada ya kila kitu kufungwa. Kebo ya pini 8 ya kichakataji inapaswa kupitishwa mapema, kwa kuwa tundu lake liko kwenye kona ya juu, na ubao mama ukishakaa, hasa ukiwa na kipozeo kikubwa, vidole havifiki tena hapo. Wenye mikono midogo katika familia huitwa wakati huo. Baada yake hufuata ile ya pini 24, kisha viwaya vya mbele, USB, feni na diski. Kadi ya michoro huja ya mwisho kwa sababu ikishaingia hufunika nusu ya ubao. Kila kebo iingie katika tundu lililo karibu zaidi na soketi yake, hata kama njia ya uchochoroni itakuwa ndefu, kwa maana urefu wa uchochoroni haumsumbui mtu.

Kisha, kabla ya kufunga fundo lolote, kompyuta iwashwe. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watu wakikata vifungo ishirini walivyovifunga kwa ustadi mkubwa, baada ya kugundua kwamba swichi ya kuwashia ilichomekwa kwenye pini za taa. Feni zote zizunguke, diski zote zionekane, USB za mbele zifanye kazi. Ndipo vifungo vije.

Kuhusu vifungo, kebo tai za plastiki ni rahisi na hupatikana katika kila duka la vifaa vya umeme, lakini zina tabia mbili mbaya: hukazwa kupita kiasi, na mkia wake ukikatwa ovyo hubaki na ncha inayokwangua mkono kama kisu. Zisikazwe zaidi ya kushika. Mimi hupendelea utepe wa velkro, ule unaonasana kama wa viatu vya watoto, kwa kuwa unafunguka bila mkasi siku ya kuongeza diski. Raba za kufungia noti hazifai. Joto la ndani ya kasha huzikausha, zikakatika na kudondoka. Tepu ya umeme huacha gundi inayoshika vumbi. Vile viwaya vilivyovikwa plastiki vinavyokuja na vifaa vipya vina chuma ndani, na plastiki ikichubuka huweza kugusanisha pini mbili zisizopaswa kugusana. Kebo zikishafungwa pamoja zishikizwe kwenye vishikizo vilivyotobolewa kwenye bati, na anayependa kazi safi abandike karatasi ndogo kwenye kebo za feni: "mbele juu", "mbele chini", "nyuma". Dakika tano hizo atazishukuru mtu mwingine, pengine yeye mwenyewe baada ya miaka mitatu.

Wako wanaohofia kwamba kebo ya taarifa ikilazwa kando ya kebo ya umeme diski itapungua kasi. Ndani ya kasha, jambo hilo halina athari ya kuhisiwa, ilimradi kebo ya SATA isizidi mita 1, ambao ndio ukomo wake, na isikunjwe kama karatasi.

Pale urembo unapounguza

Powa saplai ziko za aina tatu: zenye kebo zote zilizounganishwa ndani zisizotoka, zenye kebo zote za kuchomoa, na za katikati, ambazo kebo za lazima zimeunganishwa na nyingine ni za hiari. Inasemwa kwamba bila zile za kuchomoa mtu hawezi kupanga. Si kweli, kebo zisizotumika hukunjwa kwa utulivu na kulazwa katika chumba cha chini, na kazi ikaendelea. Faida ya kebo za kuchomoa ni kupunguza idadi. Hatari yake ni kubwa kuliko faida hiyo kwa asiyejua jambo moja: upande wa kebo unaoingia kwenye powa saplai hauna kanuni moja inayowabana watengenezaji wote. Upande wa ubao mama na diski ni uleule duniani kote, lakini upande wa pili kila kampuni hupanga pini itakavyo, na hata kampuni moja huweza kubadilisha kati ya toleo na toleo. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinunua kebo nyeupe za kupendeza zilizotoka kwenye powa saplai nyingine. Ziliingia bila shida. Alipowasha, volti 12 zilifika mahali palipotarajia volti 5, na diski mbili zikafa pamoja na kazi zake zote. Anayetaka rangi na anunue kebo za kurefushia, ambazo huungwa kwenye ncha za zile za asili, bila kugusa upande wa powa saplai.

Jaribu la pili ni kupunguza kebo za kadi ya michoro. Powa saplai nyingi huja na kebo moja yenye vichwa viwili, na kwa kadi inayohitaji plagi mbili mtu huona ni nadhifu zaidi kutumia hiyo moja. Kwa kadi ndogo hakuna neno. Kwa kadi inayokula umeme mwingi, nyaya zilezile sasa zinabeba mzigo wa plagi mbili, na unadhifu huo unalipwa kwa joto. Kebo mbili tofauti hazipendezi sana, lakini ndizo sahihi. Tena pasiwe na kuchanganya plagi ya pini 8 ya kichakataji na ya pini 8 ya kadi. Zinafanana kwa sura, ila upande wenye volti 12 katika moja ndio usio na volti katika nyingine. Maumbo ya pini yametofautishwa makusudi ili zisiingiliane, na plagi inayokataa kuingia haina haja ya kulazimishwa.

Taa za rangi nazo zina mtego wake. Za aina ya zamani hutumia volti 12 na pini 4. Zile ambazo kila taa hubadilika rangi peke yake hutumia volti 5 na pini 3. Kuchomeka za volti 5 kwenye volti 12 ni kuziunguza mara moja. Kila feni yenye taa, zaidi ya hayo, huja na kebo mbili badala ya moja, hivyo feni sita huleta kebo kumi na mbili, na mtu anajikuta akihangaika kuficha uchafu alioulipia mwenyewe. Sioni aibu kusema kwamba njia rahisi ya kupanga nyaya ni kununua vitu vyenye nyaya chache.

Watengenezaji wameliona hilo pia. ASUS, MSI na Gigabyte wameleta ubao mama ambao soketi zake ziko mgongoni, kwa hiyo kebo zote hubaki uchochoroni na sebule huonekana tupu kabisa. Ubao huo huhitaji kasha lililotobolewa matundu yanayolingana nao, hivyo kwa mwenye kasha la kawaida si jambo la kubadilisha leo na kesho. Wala hauondoi kazi ya kupanga, kwani sasa uchochoro unabeba kebo pamoja na plagi zake zote.

Baada ya yote hayo unabaki mlango wa nyuma. Unapaswa kuingia kwa kusukumwa na viganja viwili bila kutumia nguvu. Mlango ukitunisha tumbo, au wewe ukilazimika kuulalia kwa goti ndipo skrubu zishike, basi kuna mahali kebo mbili nene zimepandana, na shinikizo hilo linaishia kwenye plagi fulani au kwenye plastiki ya waya iliyolalia ukingo wa bati. Ufungue tena, uitafute ile kebo ya pini 24, ambayo kwa kawaida ndiyo mkosaji, uitandaze nyaya zake zikae bapa kando ya kebo nyembamba badala ya juu yake, kisha urudishe mlango.